Siku Mbili Lisbon: Nione Nini, Nile Nini?

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Tanga. Mwezi wa Juni nitamsindikiza mume wangu kwenye mkutano wa kikazi mjini Lisbon, Ureno, na kwa kuwa yeye atashinda ukumbini, nitakuwa na siku mbili za kutembea peke yangu. Nimepewa orodha ya mahali 20, ambayo hata kijana mwenye miguu ya paa hataimaliza. Magoti yangu hayapendi vilima, nami sili nyama ya nguruwe wala sinywi kileo. Ungekuwa wewe, ungeona nini na ungekula nini?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Mama Wawili, salamu zimefika. Ningekuwa wewe ningeikunja hiyo orodha na kubakiza mahali pawili tu, yaani Belém kwa siku ya kwanza na Alfama kwa siku ya pili, ila uhakikishe kwamba siku ya Belém haiangukii Jumatatu, kwa maana siku hiyo majumba mengi ya kumbukumbu hufungwa.

Kwenda Belém utapanda tramu namba 15 katika uwanja wa Praça da Figueira, nayo itakupeleka kandokando ya mto Tejo, kwenye ardhi tambarare isiyoyaonea magoti. Jambo la kuonwa huko ni monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa viungo vilivyoletwa na merikebu kutoka Mashariki. Nguzo za kanisa lake zimechongwa zikachanua juu kama minazi. Karibu na mlango lipo kaburi la Vasco da Gama, yule yule ambaye mwaka 1498 alitiliwa shaka Mombasa na kukaribishwa Malindi. Mimi nilikulia karibu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno waliomfuata walianza kuijenga mwaka 1593, kwa hiyo nilisimama mbele ya jiwe lile muda mrefu kuliko nilivyokusudia, bila kujua kama nimekuja kumzuru mtu au kumdai. Mnara wa Belém ulio ufukweni utazame kwa nje tu, kwani ngazi zake ni nyembamba na za mzunguko.

Ukitoka hapo nenda ukale pastel de nata, kitobosha kidogo cha maziwa na kiini cha yai ndani ya ganda la tabaka nyembamba, kinachookwa mpaka juu kuungua madoadoa. Duka mashuhuri la Belém limekuwa likiviuza tangu mwaka 1837 kwa mapishi yaliyotoka katika monasteri hiyo hiyo. Msururu utakaouona nje kwa kawaida ni wa wanaobeba. Wewe pita ndani ukakae, uagize viwili vya moto, uvinyunyizie mdalasini. Kwa kuwa waokaji wengine hutia mafuta ya nguruwe katika unga, uliza kwanza kama kuna “banha”.

Siku ya pili panda basi namba 737, ambalo huanzia Praça da Figueira na kufika hadi langoni mwa ngome ya São Jorge, ile ambayo Wakristo waliiteka kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Kuingia si lazima. Mandhari nzuri utayapata bila malipo ukishuka taratibu hadi roshani ya Santa Luzia, ambako picha iliyochorwa juu ya vigae vya buluu inaonyesha uwanja mkuu wa mji ulivyokuwa kabla ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Tetemeko hilo, pamoja na mawimbi na moto uliofuata, liliangamiza sehemu ya chini ya mji, lakini Alfama, iliyokaa juu ya mwamba, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Jina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya chemchemi za maji ya moto, na vichochoro vyake, vyenye nguo zilizoanikwa madirishani, vitakukumbusha Mji Mkongwe wa Unguja. Vaa viatu vya soli ya mpira, maana mawe ya njiani yamelainika kwa kukanyagwa. Tramu namba 28, inayosifiwa mno, ipande tu ukiikuta tupu. Ikijaa ni soko la wachomoaji.

Kwa chakula, umebahatika kwenda Juni. Huo ni msimu wa sadini, ambao huchomwa kwa makaa vichochoroni, hasa usiku wa tarehe 12 kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Antonio, na kulazwa juu ya kipande cha mkate kinachonyonya mafuta yao. Bacalhau usikose: ni ng'onda wa Wareno, samaki wa bahari baridi za kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi, akalowekwa siku nzima au zaidi huku maji yakibadilishwa. Mimi humpenda anapochambuliwa na kuvurugwa pamoja na mayai, vitunguu na viazi vilivyokatwa vyembamba kama njiti. Pweza wao huchemshwa, kisha huokwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu, na katika hilo sisi watu wa pwani tunapaswa kukubali kwamba wametuzidi. Supu ya kijani iitwayo caldo verde huwekwa soseji ya nguruwe, basi iache. Ukitamani nyama halali, elekea mtaa wa Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz. Na ukiona “chamuça” kwenye kioo cha mkahawa, hiyo ni sambusa, iliyofika huko kupitia Goa na Msumbiji. Ulizia tu ndani yake kuna nini.

SWALI: Je, ni kweli kwamba katika mikahawa ya Ureno mtu hutozwa mkate ambao hakuuagiza?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Sheria yao hairuhusu kukutoza kitu ambacho hukukiagiza wala hukukigusa. Hata hivyo, mara tu unapoketi, mhudumu anaweza kukuwekea mkate, siagi, zeituni na jibini, na ukionja chochote utakilipia. Usipovitaka, mwambie avirudishe kabla hujaanza. Mimi zeituni hunishinda kila mara, nami huzilipia bila kinyongo. Jibini ndiyo huirudisha.