Maneno marefu ya Kiingereza, mkazo unakaa wapi?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma fomu three hapa Morogoro, Kiingereza nikisoma kimyakimya naelewa vizuri tu, ila nikisimamishwa darasani nisome kwa sauti nikifika kwenye "electricity" au "responsibility" nakwama, sijui nikate wapi wala mkazo niweke wapi. Kuna kanuni au ni kukariri tu?

JIBU: Marahaba. Kukariri neno mojamoja utachoka bure, we angalia mkia wa neno. Kwetu mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, SOma, soMEsha, someSHAna, neno likirefuka na mkazo unasogea. Kiingereza nacho kinausogeza, ila mara nyingi anayeamua ni kiambishi cha mwisho. Likiisha na -tion au -ic, mkazo unakaa silabi inayotangulia hicho kiambishi, yani palepale pa Kiswahili: in-for-MA-tion, e-LEC-tric, e-co-NOM-ic. Wakaidi wapo, ARabic na CATHolic, hao ndo wa kukariri. Kwa -ity ni vilevile, ila yenyewe ina silabi 2 kwa hiyo unahesabu ya 3 kutoka mwisho, e-lec-TRIC-i-ty, re-spon-si-BIL-i-ty, na ona ile c ya electric iliyokuwa inasikika k sasa imekuwa s.

Tunapoanguka wengi ni kwenye -ment. Hii haisogezi kitu! Ni de-VEL-op, basi na de-VEL-op-ment, sisi kwa mazoea ya Kiswahili tunasema deveLOPment na unasikia mpaka kwenye hotuba. -ness na -ly nazo hivyohivyo.

Halafu usichanganye silabi na viungo vya neno. "Unbelievable" ina viungo 3, un, believe na able, hivyo vinakupa maana, ila mdomoni ni silabi 5, un-be-LIEV-a-ble.

Kitu kigumu zaidi kwetu, na naomba ukifanyie mazoezi sana, ni vokali zisizo na mkazo. Kiswahili kila vokali tunaitamka kamili, Kiingereza zinafifia. Sema PHO-to-graph, kisha pho-TOG-ra-phy, ile o ya kwanza kwenye neno la pili imekuwa sauti dhaifu tu, ukiitamka nzima mkazo wako hautasikika hata kama umeuweka mahali pake.

Ukiwa na mashaka fungua kamusi, zile za Oxford zinaweka kialama kidogo kwa juu kabla tu ya silabi yenye mkazo.