Mashine ya kuanzia duka la stika za magari Goma

Kaka, uliuliza uchague ipi kati ya printa ya lateksi (wino wa maji) na ya eko-solventi (wino wa kiyeyushi kisicho kikali): anza na eko-solventi, upana wa mita 1.6. Lateksi hukausha wino kwa joto kali, inakula umeme, na jenereta ndogo itaelemewa. Lakini eko-solventi haitaki haraka: acha chapa ipumue, kiyeyushi kitoke, saa 24, afadhali 48, ndipo uweke laminesheni, ile filamu ya juu ya kulinda chapa. Mimi niliwahi kuharakisha kazi ya gari la mteja bila kusubiri hivyo. Baada ya wiki stika ikajikunja kwenye pindo la mlango, nikarudia kazi yote kwa pesa yangu. Kwa mabonde ya bodi tumia vinili ya kasti (plastiki ya stika iliyo nyembamba na laini, inayofuata mikunjo), si ile ya bei rahisi ya vibao. Na hili vumbi letu jeusi la lava! Funika printa kila jioni, tafadhali.