Warfarini: kwa nini mama anameza nyingi kuliko mwenzake?

Umeuliza kwa nini mama yako anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 7.5 wakati mgonjwa mwenzake, aliyefanyiwa naye upasuaji wa vali ya moyo wiki ileile, anameza 3 tu, na kama daktari anabahatisha. Habahatishi, ndugu. Mama yangu ana vali ya chuma upande wa mitrali (vali ya upande wa kushoto wa moyo) tangu 2017 na kliniki nampeleka mwenyewe kutoka Mbagala, kwa hiyo haya nimeyaona.

Kinachoangaliwa ni INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, siyo idadi ya vidonge. Asiyetumia dawa ana kama 1. Mwenye vali kama ya mama hulengwa 2.5 hadi 3.5. Ikishuka, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ikipanda sana, inavuja. Huyu atafika hapo kwa 3, yule kwa 7.5, na wote wako sawa.

Tofauti inatoka wapi? Umri, uzito, ini, chakula, dawa nyingine. Warfarini inapingana na vitamini K, inayosaidia damu kuganda, nayo imejaa kwenye mboga za majani. Mwanzoni tuliambiwa mama aache mboga zote. Mndengereko bila kisamvu! Alivumilia wiki mbili, akarudia kwa fujo, INR ikaporomoka. Daktari mwingine akatuelewesha: ale, ila kiasi kilekile kila wiki, na dozi ipangwe kufuata ulaji wake.

Lililotutisha zaidi ni la tumbo. Mama alienda duka la dawa, akauziwa metronidazo, dawa ya kuua vijidudu, bila kuulizwa anatumia nini. Siku chache baadaye fizi zinatoka damu kila akipiga mswaki, na mapajani kuna mavilio ya damu ambayo hajui aliyapatia wapi. INR ilikuwa 6 na ushee. Metronidazo huzuia ini kuivunjavunja warfarini, hivyo dozi ileile ikawa kama imeongezwa. Alisimamishwa warfarini kwa muda, akapimwa tena na tena hadi ikatulia.

Kuhusu kipimo cha vinasaba ulichosikia: kweli, jeni za CYP2C9 na VKORC1, zinazohusika na jinsi mwili unavyoivunja na kuitikia warfarini, zinachangia dozi. Lakini usikimbilie kutoa hela. Mwaka 2013 utafiti wa COAG huko Marekani ulipanga dozi kwa jeni hizo, na kwa wagonjwa weusi matokeo yakawa mabaya kuliko kupanga bila jeni. Hesabu ile haikuwa na aina za CYP2C9 zinazopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Yaani suti imeshonwa kwa vipimo vya mtu mwingine, halafu unaambiwa ni ya kwako.

Sisi tuna daftari la kawaida: tarehe, INR, dozi, na dawa yoyote mpya, hata ya mafua. Mnunulie mama yako, na akienda duka la dawa aende nalo. Na huyo mwenzake wa 3, mwambieni asiongeze kidonge kwa kumwangalia mama.