Usifungie laki moja kwenye boksi la LEGO

Ndugu yangu, umeuliza kama laki moja yako uitie kwenye seti moja kubwa ya LEGO, vile vipande vya plastiki vya kuunganisha na kujengea, uifiche kabatini miaka mitano kisha uuze. Nakusihi usifanye hivyo.

Ni kweli zipo zilizopanda. Millennium Falcon ya 2007, seti ya chombo cha anga cha filamu za Star Wars, ilitoka kwa dola 500 hivi, na ilipoacha kutengenezwa bei ikapaa mara kadhaa. Lakini 2017 kampuni ikatoa nyingine kubwa zaidi, ya vipande 7,541, na waliokuwa wamehifadhi ile ya zamani wakaona bei ikiteremka.

Halafu hapa Nairobi utamuuzia nani? Wanunuzi wengi wako Marekani na Ulaya, na kusafirisha boksi zito hivyo kunakula faida yote. Tena boksi lenyewe ndilo mali. Langu lililala juu ya kabati kule Umoja, unyevu wa masika ukavimbisha kona moja tu. Mnunuzi alipitisha kidole pale, akakata bei papo hapo.

Akiba ipeleke sacconi au kwenye hati za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu. Seti ukiipenda, inunue ndogo, fungua, mjenge na watoto.