Risasi kupiga juu kuliko hesabu

Ndugu, kama pale uwanja wa shabaha wa Raton, New Mexico, ukilenga umbali wa yadi 1,000, risasi zinapiga juu kuliko programu ya kukokotoa njia ya risasi ilivyokuambia, angalia kwanza mgandamizo wa hewa uliouingiza. Taarifa za hali ya hewa hutoa namba iliyorekebishwa kuwa ya usawa wa bahari, karibu hektopaskali 1,013. Uwanja ule uko takriban mita 2,000 juu. Mgandamizo halisi hapo ni kama 800 tu. Hewa ni nyepesi, risasi haipotezi mwendo haraka, basi inashuka kidogo. Weka namba ya hapohapo ulipolala na bunduki.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi la risasi nayo usiiamini, watengenezaji walipima kwa mtutu wao. Pima ya kwako kwa kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi.