Muulize Mhandisi: Nguzo za Ghala Zinabanduka

SWALI: Shikamoo mhandisi. Tumekodi kiwanda cha zamani cha kubangua korosho hapa Mtwara, cha miaka ya 1970, tuhifadhi magunia. Nguzo za upande wa bahari zina nyufa za wima, na zege limebanduka hadi nondo zinaonekana. Fundi anataka kuzipiga plasta kabla ya msimu. Tumruhusu?
Msomaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzuie kwanza. Ufa unaofuata nondo ni kutu: chuma kikioza huvimba, kikalisukuma zege nje. Plasta hapo ni kufunga kidonda chenye usaha.

Chukua nyundo ndogo, gonga kila shubiri. Pazima hulia kavu, palipoachana hulia kama debe tupu, tia chaki. Lakini kwangua kwanza ule weusi wa mafuta ya maganda ya korosho. Mimi weusi huo uliwahi kunifichia ufa wa kuingia kucha, nikaandika "nzima".

Atakuja mtu na nyundo ya Schmidt akusomee namba kubwa. Usishangilie, ile hupima ugumu wa uso, na uso wa zege kuukuu hukakamaa wenyewe. Kisha atapuliza fenolfthalini, dawa ya kupima zege kwa rangi, kwenye zege lililochongwa papo hapo, igeuke waridi, aseme nondo ziko salama. Ndipo wengi wetu wa pwani tulipokosea. Waridi maana yake hewa haijaiondoa kinga ambayo zege huipa nondo, basi. Chumvi dawa ile haiioni, nayo hula nondo hata penye waridi.

Mwambie atoboe kwa drili mpaka aivuke nondo, vumbi la kila sentimita 2 alitie mfuko wake, maabara wapime kloraidi, yaani ile chumvi. Ikipungua kadiri mnavyoingia ndani, imetoka baharini. Ikiwa sawasawa kote, shuku mchanga wa ufukweni uliochanganywa siku ya ujenzi. Hapo kubandua na kuziba nguzo mbili tatu hakutoshi.

Nondo zilizo wazi zisugueni kutu, mpime unene wake kwa kalipa, kile kipimo cha kubana. Ya milimita 16 iliyobaki 12 machoni bado nene, kumbe imepoteza zaidi ya sehemu mbili kati ya tano za chuma chake, yaani asilimia 44.

Majibu yakisubiriwa, msipandishe magunia ghorofani. Na mkiona ufa wa mshazari kwenye bimu, karibu na nguzo, toeni watu, wekeni jeki za chuma, ndipo uniandikie tena.