Umeitwa usaili wa udaktari Uingereza? Acha kwanza kukariri majibu

Mdogo wangu, barua pepe ya kuitwa kwenye usaili ikifika, furahi, wape wazee habari, halafu tulia. Alama zako chuo kimeshaziona. Matokeo ya UCAT, ule mtihani wa kuombea udaktari, wanayo, maelezo yako binafsi wanayo, na mwalimu wako ameshakuandikia. Wanachotafuta sasa hakimo kwenye karatasi: ukitupiwa jambo hukulitarajia, unalifikiriaje kwa sauti mbele ya mtu mzima usiyemjua?

Hapo kwenye "kwa sauti mbele ya mtu mzima" ndipo vijana wetu wanapokwama. Kila msimu nawasaidia kujiandaa, wengi wao wazazi wametoka Tanzania na Kenya, wengine Kongo, na ninachokiona si uvivu wala kutokujua. Ni malezi. Umefundishwa usimkatize mkubwa, usijisifu, usimkodolee macho, usubiri kuulizwa. Malezi mazuri kabisa, na wodini yatakufaa. Lakini kwenye usaili unajibu sentensi moja, unanyamaza kwa adabu, na msaili mwenye fomu ya alama mkononi anabaki hana cha kuandika. Kusema "nilifanya hivi, nikaona hivi, nikabadili hivi" si majivuno. Umeulizwa, jibu. Macho yakikushinda, tazama katikati ya nyusi zake, hatajua tofauti.

Wazazi nao waandae mapema. Aliyesoma Tanzania anajua kwamba mtoto akimaliza kidato cha sita anaomba chuo kwa matokeo yake. Fizikia, Kemia na Biolojia zikiwa safi, anangojea jina lake. Kwa hiyo mama atauliza, "Kama A zake wameziona, wanamwitia nini tena?" Mweleze kwamba huku maombi ya udaktari kupitia UCAS, mfumo wa kuombea vyuo, yanafungwa 15 Oktoba, kwamba unachagua kozi za udaktari zisizozidi 4, na kwamba kuanzia Desemba hivi hadi Machi ni msimu wa usaili. Akilijua hilo hatakupangia safari ya harusi ya binamu katikati ya mambo.

Vyuo vingi vinatumia usaili wa vituo, maarufu kama MMI. Ulibuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, kule Hamilton, Kanada, na makala iliyoutangaza ilitoka 2004. Mantiki yake ni kwamba ukikaa na jopo moja mwanzo mwisho na wasikupende tangu salamu, imekula kwako. Kwenye vituo unakutana na msaili mpya kila baada ya dakika chache, mara nyingi 5 hadi 8, na kila mmoja anakupa alama zake. Mlangoni unasoma karatasi yenye mkasa, kengele inalia, unaingia. Kituo kimoja kikikuharibikia, wa kituo kinachofuata hana habari, kwa hiyo usimpelekee uso wa msiba. Oxford na Cambridge wana utaratibu wao wa kukukalisha na walimu na kukuchimba kwenye sayansi. Huo ujiandalie kivyake.

"Kwa nini udaktari?" litakuja tu. "Napenda kusaidia watu" si jibu baya, ila nesi naye anasaidia watu, na mfamasia, na anayemwogesha mzee kwenye nyumba ya wazee. Msaili atakuuliza hivyohivyo: kwa nini usiwe nesi? Hapo unahitaji kitu ulichokiona mwenyewe.

Na wengi wenu mnacho, mnakidharau tu. Mnanitajia siku chache za kufuatana na daktari hospitalini, mlizotafutiwa na rafiki wa shangazi, mnasahau kwamba tangu utotoni mmekuwa wakalimani wa familia. Mimi nilikuwa nikimpeleka bibi yangu kwa daktari wa mtaa. Daktari akiuliza, bibi ananitazama, anavuta ncha ya mtandio, anasema, "Mwambie ni miguu tu." Kila mara miguu. Siku moja daktari akaniomba nikae nje, akampigia simu mkalimani wa Kiswahili. Bibi alikaa mle ndani muda mrefu kuliko siku zote, akatoka na dawa ambayo haikuwa ya miguu. Walizungumza nini sikuambiwa, na sikutakiwa kuambiwa. Nilichoelewa ni kwamba mimi, mjukuu mpendwa, nilikuwa ndiyo kizuizi kati ya bibi na tiba yake.

Kisa cha namna hiyo kina siri ya mgonjwa ndani yake, kina staha, kina sababu ya huduma za afya huku kutopendelea watoto kuwatafsiria wazee wao. Lakini usiishie kwenye kusimulia. Msaili anangojea sentensi inayofuata: hilo lilikufundisha nini kuhusu kazi ya daktari, na leo ukiwa kwenye kiti cha daktari ungefanyaje? Wengi hutumia dakika 4 kwenye kisa na sekunde 10 kwenye fikra. Geuza, au angalau gawanya nusu kwa nusu.

Kituo kinachowatia watu hofu zaidi ni cha maigizo. Unaingia, yupo mwigizaji, na karatasi inasema umemgonga paka wa jirani kwa gari wakati unarudi nyuma, mpe habari. Paka huyo ameshakufa mara nyingi sana kwenye mazoezi ya usaili Uingereza nzima. Usicheke, kwa sababu mwigizaji atalia kweli.

Hapa sisi tuna mtaji, na tuna mtego. Mtaji ni kwamba umeona watu wazima wakienda kwenye msiba: wanaketi, hawana haraka, wanasema pole na kunyamaza. Waingereza hununua kozi kufundishwa huko kunyamaza. Mtego ni namna tunavyopeleka habari zenyewe. Mtu amefariki alfajiri, mwanawe anapigiwa simu: "Baba hajisikii vizuri, hebu njoo nyumbani." Akifika anakuta viti nje. Tunafanya hivyo kwa huruma, na barabarani huenda ni busara, lakini kwenye kituo kuzungukazunguka kutahesabiwa kuwa unaficha. Muulize kama ana muda, mwombe akae, mwonye kwamba una habari mbaya, kisha sema wazi: nimemgonga paka wako, amekufa, kosa ni langu, naomba radhi. Halafu funga mdomo. Usikimbilie kuahidi kumnunulia mwingine. Yeye ndiye atakayevunja ukimya, na atakachosema ndicho utakachokijibu.

Maswali ya maadili yanataka kusomewa kidogo. Kila mtahiniwa anakuja na nguzo nne: uhuru wa mgonjwa kujiamulia, kumtendea mema, kutomdhuru, na haki. Anazitiririsha kama mtoto wa madrasa anayesikilizwa sura aliyohifadhi, na msaili amechoka kuzisikia tangu asubuhi. Zijue, kisha zitumie bila kuzitaja moja moja. Mtu mzima mwenye akili timamu, Shahidi wa Yehova, anakataa damu: ana haki hiyo, hata kama atakufa. Sasa niambie utamsikilizaje, utahakikishaje kwamba uamuzi ni wake na si wa jamaa waliozunguka kitanda, na matibabu gani mengine utamuuliza kama anayakubali.

Ugumu wa kweli kwa watoto wa nyumba zenye dini uko kwenye swali la binti wa miaka 15 anayetaka dawa za kuzuia mimba bila mzazi kujua. Jua sheria: tangu hukumu ya kesi ya Gillick, 1985, daktari huku anaweza kumpa ikiwa binti anaelewa vizuri anachokiomba, baada ya kujaribu kumshawishi azungumze na mzazi, na kujiridhisha kwamba hayuko hatarini wala hatumiwi na mtu mzima. Kuhusu imani yako, usidanganye na usihubiri. Mwongozo wa GMC, baraza linalosimamia madaktari, unamruhusu daktari kujitoa kwenye huduma inayopingana na dhamiri yake, mradi mgonjwa ajulishwe anaweza kumwona daktari mwingine, asihukumiwe na asiachwe njia panda. Nimemsikia kijana akilisema hilo kwa utulivu, na ni jibu zuri kuliko la wale wanaojifanya swali halina uzito wowote kwao.

Habari za NHS, huduma ya afya ya taifa huku, fuatilia kwa kiasi. Ilianza tarehe 5 Julai 1948 chini ya waziri Aneurin Bevan, lakini hakuna atakayekuuliza tarehe. Atakuuliza kwa nini foleni za upasuaji ni ndefu, au unaonaje madaktari kugoma. Chukua upande ukitaka, ila onyesha umeuona na wa pili.

Mazoezi sasa. Weka saa ya simu dakika 5, mpe mjomba karatasi ya maswali. Chagua mjomba asiyejua chochote cha udaktari, yule wa kukwambia "sijakuelewa" bila kukuonea haya. Jirekodi, jisikilize, hata kama sauti yako inakukera. Kozi za kulipia mimi sizipendi. Nyingi zinakupa maswali yaleyale yanayopatikana bure, na Medical Schools Council, baraza la vyuo vya udaktari, wana maelezo yao mtandaoni bila malipo. Ukikariri jibu zima, swali likibadilika kidogo unabaki unaelea.

Usaili ukiwa kwa kamera, na tangu 2020 vyuo kadhaa vimeendelea hivyo, tatizo si intaneti peke yake. Ni nyumba yetu. Wadogo zako wanapigania rimoti, mgeni anagonga bila kupiga simu, presha kuka inapiga filimbi jikoni, na ile saa ya adhana juu ya kabati haijui kama uko kituo cha pili. Toa betri. Omba chumba cha ndani, bandika karatasi mlangoni, na mwambie mama muda wenyewe, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, maana "niko kwenye usaili" haimzuii mtu kukuletea chai. Kama nyumba haishikiki, kaiombe shule chumba, wengi hukubali.

Hijabu vaa, suti si lazima, shati lililopigwa pasi linatosha. Mwishoni wakikuuliza kama una swali, uliza unalotaka kujua kweli, la masomo au la maisha ya pale, au sema huna na ushukuru. Na watakapokutaka usitoe nje yaliyoulizwa, usitoe, hata kwa binamu anayesailiwa wiki ijayo na aliyeanza kukutumia ujumbe kabla hujafika kituo cha basi.